Karatasi ya Vipimo Mfukoni mwa Profesa

Mdogo wangu alirudi nyumbani siku ya Jumanne, na Jumanne si siku ya mwanafunzi wa chuo kurudi nyumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu kifupi mlangoni pa kibanda chetu cha ushonaji, napiga pindo gauni la mteja, nikamwona tangu anakata kona pale kwenye duka la vioo. Mwenye habari njema hutembea anatazama watu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shikamoo, Dada. Baba yupo?"

"Marahaba. Kaenda kutafuta zipu. Kaa."

Hakukaa. Alichungulia ndani kama vile Baba angeweza kujibanza nyuma ya cherehani, kisha akachomoa bahasha kwenye begi na kunipa.

Sisi tunamwita Profesa. Jina alipewa na kinyozi wa jirani alipokuwa darasa la nne, siku aliposimama mbele ya bango la kinyozi na kumwonyesha makosa matatu. Mimi niliishia darasa la saba. Sikufeli. Niliambiwa nikae kwenye kiti hiki mwaka mmoja nimsaidie Baba, na mwaka huo bado haujaisha. Lakini kusoma najua, polepole, na barua ile niliisoma mara mbili ili nisije nikairukia mahali.

Ilisema kwamba mwanafunzi anatuhumiwa kuingia na karatasi isiyoruhusiwa kwenye chumba cha mtihani wa takwimu. Ilisema afike mbele ya Kamati ya Nidhamu siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Ikithibitika, atasimamishwa masomo kwa mwaka mmoja. Ilisema anaweza kuja na shahidi, na pia na mzazi au mlezi mmoja, ila mzazi huyo atasikiliza tu, asizungumze mpaka Mwenyekiti amwombe.

"Mlezi ni wewe," Profesa akasema. "Si ulikuwa unanibeba mgongoni?"

"Nilikuwa na miaka saba, na wewe ulikuwa mzito kama gunia la chumvi. Hiyo si kulea, hiyo ni adhabu."

"Dada, Baba asijue. Unamjua Baba."

Namjua. Mara ya mwisho kuitwa shuleni, Profesa akiwa mdogo na dirisha limevunjika, Baba alimwambia mwalimu mkuu kwamba suruali yake imekatwa na mtu mwenye hasira. Mwalimu mkuu alishonewa nyingine, dirisha likasahaulika, na Profesa akaitwa Suruali mpaka alipomaliza shule. Baba yangu ni fundi, na fundi akiwa na cherehani inayonguruma siku nzima huzoea kusema kwa sauti, tena bila kusubiri zamu.

"Karatasi yenyewe ilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Ndiyo shida. Nilitoa leso nijifute jasho, kitu kikaanguka. Msimamizi akakiokota, akakitazama, akakitia kwenye bahasha. Mimi niliona upande mmoja tu. Nikapewa fomu nijieleze, nikaandika siifahamu karatasi hiyo."

"Huo upande mmoja ulikuwaje?"

"Kama kipande cha boksi. Kina kijani, na nusu ya sindano imechorwa."

Sindano yangu mwenyewe nikaichomeka kwenye pindo na kuiacha hapo.

"Ulikuwa umevaa suruali gani?"

"Hii," akasema, akishika paja la suruali yake mpya ya kijivu.

Hapo lazima nieleze kazi yetu. Baba haandiki vipimo kwenye daftari. Mafundi wengine wana daftari. Yeye anasema daftari linalala mezani na nguo inatembea. Huchana kipande cha boksi la nyuzi, lile lenye picha ya sindano, anaandika namba kwa penseli kutoka juu kwenda chini bila neno hata moja, kwa sababu mpangilio wake ni uleule tangu kabla sijazaliwa: kiuno, nyonga, paja, goti, mguu, urefu. Kipande hicho hubanwa kwa pini kwenye kitambaa. Suruali ikishapata mfuko, kipande kinahamia mfukoni na kukaa humo mpaka mwisho. Na mwisho ni mimi. Mimi ndiye ninayemalizia: vifungo, pindo, kukata nyuzi, pasi. Kabla sijakunja nguo natia mkono mfukoni, natoa kipande, nakitupa kwenye kopo tupu la rangi lililo chini ya meza. Nguo ambayo kipande chake hakijaingia koponi haijaisha.

Suruali ya Profesa niliimalizia Jumapili, umeme umekatika, yeye mwenyewe kasimama mbele yangu anasema anachelewa gari. Kiuno kilikuwa kinampwaya, nikakibana kwa mkono. Kifungo nilikitia mguu mmoja ukiwa tayari umeshavaa. Jioni niliangalia kopo, nikaona kama limepungua kimoja, nikajiambia labda macho yangu. Macho yangu si ya kusingizia. Nilijua hata wakati ule.

"Profesa," nikasema, "hiyo karatasi nimeiweka mimi."

Nilimweleza. Alikaa sasa, chini kabisa, kwenye kizingiti, na uso ukamchangamka kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Basi imekwisha. Unakuja Alhamisi, unawaambia, tunarudi. Baba hatajua kitu."

"Mwandiko ni wa Baba. Wakiuliza mwenye mwandiko yuko wapi, nitasema kaenda kutafuta zipu?"

Nikamwambia mzazi ni Baba, shahidi ni mimi, barua yenyewe imeruhusu wote wawili. Na kama anaogopa mdomo wa Baba, barua imeushughulikia pia.

"Baba anyamaze," Profesa akasema, kama mtu anayesoma maneno ya lugha ngeni. "Baba?"

Tuliwaambia Baba na Mama tulipokaa kula, kabla giza halijaingia. Mama huuza maziwa kwa kuzunguka asubuhi, na jioni miguu yake iko kwenye beseni la maji. Hakushtuka. Alisema alijua tangu Profesa alipoosha vyombo bila kuombwa. Baba ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na hilo lilitutisha zaidi kuliko kelele.

"Kwa hiyo," akasema, "namba zangu zimeanguka mbele ya watu wasomi, na wewe ukaandika huzifahamu."

"Sikuziona, Baba. Niliona upande wa sindano."

"Mtoto wa fundi anaona sindano, anasema siifahamu."

"Nilichanganyikiwa."

Baba akanigeukia. Nilikuwa nimeshajiandaa.

"Nilisahau mimi, Baba. Sikutia mkono mfukoni."

"Miaka kumi na tano hujasahau."

"Sasa nimesahau."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisukuma sahani yake pembeni, akasema Alhamisi atakwenda, atawaeleza watu hao tofauti ya jibu la mtihani na kiuno cha mtu.

"Hutawaeleza kitu," Mama akasema, miguu ikiwa bado majini. "Barua imesema usikilize. Ukifungua mdomo watakutoa nje, na mwanao atakaa hapa mwaka mzima anakutazama."

"Mimi nashindwa kunyamaza?"

"Tujaribu. Fundi, nimesikia mishono yako inaachia mteja akiinama."

"Nani kasema?"

"Umeshindwa."

"Hukusema tumeanza."

Walifanya hivyo siku mbili. Mama akipita na ndoo anamwambia ameona pindo lake limepinda kama barabara ya kijijini, na Baba anakaza meno mpaka shingo inavimba. Kinyozi naye alipata habari, akawa anapitisha kichwa dirishani kutaja kola zilizokaa vibaya. Mpaka Jumatano jioni Baba alikuwa ameweza kunyamaza mpaka hesabu ya mia moja. Mama akasema kikao kinaweza kuzidi hapo, lakini mwenye kutambaa si sawa na aliyelala.

Alhamisi Mama alikaa kibandani badala yetu. Profesa alivaa ile suruali ya kijivu. Nilimwambia avae hiyo hiyo. Baba alivaa koti lake jeusi la kwenda kwa watu. Tulipokuwa tunapanda ngazi za chuo nilikuwa nyuma yake, nikaona ncha ya tepu yake ya kupimia inachungulia chini ya kola. Ameivaa shingoni miaka yote, ngozi yake haijui tena kama ipo. Nikaiona, nikaiacha. Mtu aliyekatazwa kusema asinyang'anywe na tepu yake.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza mbili zilizounganishwa, moja ndefu kwa miguu kuliko nyingine, na kitambaa cha meza kimefunika aibu hiyo lakini jagi la maji lilikuwa limeinama kidogo. Katikati alikaa Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwenye mnyororo. Kulia kwake Katibu, kijana wa kompyuta. Kushoto yule Msimamizi aliyemkamata Profesa, mwalimu wa takwimu mwenyewe, mwanamume mwembamba aliyepanga kalamu zake tatu kwa usawa. Koti lake lilikuwa limepanda bega la kushoto. Nilimwona Baba akiliona.

"Karibu, Mzee," Mwenyekiti akasema. "Utaratibu umeuelewa?"

"Nimeuelewa," Baba akajibu, akafunga mdomo kama zipu.

Msimamizi alieleza yake. Hakuwa na chuki, na hilo nilimsifu moyoni. Alisema leso ilitoka, karatasi ikaanguka, ina namba sita kwa penseli, na sehemu ya kwanza ya mtihani ilikuwa na maswali sita yanayodai namba.

"Namba hizo ni majibu ya maswali hayo?" Mwenyekiti akauliza.

"Moja ndiyo. Jibu la swali la tatu ni ishirini na tatu, na ya tatu hapa ni ishirini na tatu."

"Mwanafunzi aliandika ngapi?"

Msimamizi akafunua karatasi zake. "Kumi na tisa."

Kichwa cha Baba kiligeuka polepole kumtazama Profesa. Profesa alitazama jagi.

"Lakini hilo halimsafishi," Msimamizi akaongeza. "Inawezekana alikuwa hajapata nafasi ya kuitazama. Kuingia nayo tu ni kosa, na kama aliiandaa ni kosa kubwa zaidi."

Profesa akaombwa kujieleza. Alisema aliandika siifahamu kwa sababu hakuonyeshwa upande wenye namba, akaomba aonyeshwe sasa. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, kipande chetu kile duni, kimetunzwa kama dawa. Akakitazama.

"Ni mwandiko wa baba yangu. Ni vipimo vya suruali hii."

"Kila mwenye karatasi ana maelezo yake," Msimamizi akasema, si kwa ukali.

Nikaitwa mimi. Nilisimama pale walipoonyesha, mikono nyuma.

"Unafanya kazi gani?"

"Namalizia."

"Unamalizia nini?"

"Nguo. Baba anakata na kushona, mimi namalizia."

"Elimu?"

"Darasa la saba."

Katibu aliandika, na hakuchukua muda. Nikaeleza kama nilivyokwisha kueleza hapa: boksi, penseli, mfuko, kopo. Nikasema siku ile umeme ulikatika, nikaharakishwa, sikutia mkono mfukoni. Nikasema kosa la karatasi kuwa mfukoni ni langu, yeye alivaa tu.

"Ulikuwepo anapimwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakupimwa. Alikuwa huku hosteli. Baba aliandika kwa kichwa."

Msimamizi aliweka kalamu chini. "Kwa kichwa?"

"Vipimo vyetu anavyo kichwani. Vya kwangu pia."

Niliona nimeharibu. Mtu anayesema kweli mara nyingine anaonekana ametunga vibaya. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akasema jambo hili lina njia fupi: kijana yupo, suruali ipo, namba zipo. Kuna mtu mwenye kifaa cha kupimia?

Katibu alianza kufungua droo. Baba, bila kusema neno, alipeleka mkono shingoni na kuvuta ile tepu chini ya kola, ikatoka ndefu, ya njano, imechakaa ncha, akainyoosha mbele kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliuma mdomo asicheke. Alisema Katibu apime, Msimamizi asimame karibu aone, mimi nitaje mahali tu.

"Urefu," nikasema.

Katibu alipiga magoti. Alishika tepu kinyume, upande wa sentimita, ikabidi Msimamizi amgeuzie. Vidole vya Baba vilikuwa vinafunguka na kufunga magotini kwake.

"Arobaini na moja."

Mwenyekiti akatazama kipande, akatia alama.

Mguu, kumi na tano. Goti, kumi na nane. Paja, ishirini na tatu. Nyonga, thelathini na saba. Kila namba ilipotajwa Mwenyekiti alitia alama, na niliona Msimamizi ameanza kumtazama Baba badala ya kutazama tepu.

"Kiuno."

Katibu alizungusha tepu, akasoma, akazungusha tena.

"Ishirini na tisa."

Kalamu ya Mwenyekiti ikasimama hewani. "Hapa ni thelathini na moja."

Msimamizi alikohoa. "Tano zimekubali," akasema. "Ila hii ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na inchi mbili si kosa la penseli. Mtu anaweza kuwa fundi na bado mwanawe akaandika majibu yake."

Nilisikia kiti cha Baba kikilia. Alikuwa ameinuka nusu, mdomo umeshafunguka, na maneno ya siku mbili yote yako pale mlangoni. Mwaka wa mdogo wangu ulikuwa umening'inia kwenye mdomo ule. Nikamtazama, jinsi ninavyomtazama anapotaka kukata kitambaa kabla hajageuza upande wa pili. Akanitazama. Akakaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "naomba ruhusa nigeuze mshono."

"Mshono gani?"

"Wa nyuma. Hapo ndipo inchi zilipo."

Aliruhusu. Profesa akageuka, akachomoa shati, masikio yamemwiva. Nikakunja ukingo wa kiuno kwa nje mpaka mshono wa katikati ukaonekana kwa ndani. Kitambaa cha ziada kilikuwa pale, hakijakatwa, kimekunjwa vizuri kulia na kushoto, na mshono wangu wa mkono umepita juu yake kwa uzi mweupe, kwa sababu siku ile kwenye giza uzi wa kijivu sikuuona.

"Pima na hiki," nikamwambia Katibu.

"Inchi moja huku," akasema. "Na moja huku."

Msimamizi aliinama mwenyewe, akavaa miwani yake, akatazama ule uzi mweupe kama anasahihisha mtihani. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Kwa nini mtu akate thelathini na moja kwa mwenye ishirini na tisa?"

"Ni nafasi ya kukua," nikasema.

"Ana miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo. Hata gauni langu hili linayo. Baba anakata na nafasi, mimi nabana siku ya kujaribisha, nafasi inabaki ndani. Hatujawahi kuvaa nguo isiyo na nafasi. Tulipokuwa wadogo alikuwa habani kabisa. Shuleni tuliitwa Mahema."

Katibu alicheka, akajifanya anapiga chafya. Mwenyekiti akamgeukia Baba.

"Mzee, umekaa kimya vizuri sana. Sasa nakuomba wewe. Ni kweli?"

Baba alisimama, akashika mgongo wa kiti. Nilifumba macho. Nilijua tunaanzia kwenye zile namba, tunapita kwenye mwalimu mkuu na dirisha lake, na tutaishia kwenye bega la kushoto la Msimamizi.

"Ni kweli," Baba akasema. "Urefu amemaliza. Unene bado. Huku hali vizuri, lakini chuo kina mwisho."

Akakaa.

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, Baba katikati. Mlango ulipofunguka tena nilihesabu hatua mpaka pale tulipokuwa tumesimama mwanzo, kumi na moja.

Mwenyekiti alisoma uamuzi. Kamati imeridhika kwamba karatasi ilikuwa ya vipimo vya nguo. Hakuna udanganyifu. Mtihani utasahihishwa kama wa wengine. Lakini kanuni inasema mwanafunzi akague mifuko yake kabla ya kuingia, na hakukagua. Kwa hiyo atapewa onyo la maandishi litakalokaa kwenye faili lake mpaka amalize. Profesa alisema amelipokea. Na mimi, Mwenyekiti akasema akinitazama juu ya miwani, mimi ninayemalizia, nimesikia?

"Nimesikia," nikasema. Na ilikuwa haki.

Baba akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa darasani. "Naomba kipande changu."

"Hicho kinabaki kwenye faili, Mzee. Ni ushahidi."

Hilo halikumpendeza. Kipande kinatakiwa kiingie koponi.

Ukumbini Msimamizi alitufuata, akampa Baba mkono. "Samahani kwa usumbufu, Mzee. Ni kazi."

"Kazi ni kazi," Baba akasema, na macho yakapanda taratibu kwenye lile bega. Nikamfinya kiwiko. Akasema tu, "Siku moja upite kwetu," na tukashuka ngazi.

Tulipovuka geti, mlinzi akiwa bado anatusikia, zipu ilifunguka. Bega la kushoto, alisema, limewekwa sponji mbili na la kulia moja, na anayefanya hivyo ama alikuwa anazungumza na mtu ama hampendi mteja. Katibu anashika tepu kama anashika nyoka. Ile meza ni aibu kwa fundi seremala. Alisema hayo mpaka kituo cha gari, na ndani ya gari akayarudia kwa sauti ya chini. Kisha akamkumbuka Profesa.

"Ishirini na tatu ulikuwa nayo mfukoni, ukaandika kumi na tisa."

"Sikujua iko mfukoni, Baba."

"Paja lako mwenyewe."

Profesa alianza kucheka, akashindwa kuacha, na Baba alijitahidi kukasirika mpaka mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nilitazama nje. Ndani yangu kilikuwa kimelegea kitu kilichobanwa tangu Jumanne.

Baadaye Profesa akaniinamia. "Sikujua anaweza kunyamaza."

"Hata yeye hakujua."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu kifupi, na kinyozi amesimama dirishani na kitana mkononi. Mama hakuuliza uamuzi, aliuona kwenye miguu yetu kuanzia duka la vioo. Aliuliza moja tu.

"Alinyamaza?"

"Alinyamaza," nikasema.

"Muda wote?"

"Mpaka getini."

Mama akaguna, akainuka, akanirudishia kiti.

Baba hakuvua koti. Kipande kile kilichobaki kwenye faili kilikuwa kinamsumbua. Nguo haiwezi kuwa haina kipande popote, alisema, ni kama mtu asiye na anwani. Akamsimamisha Profesa katikati ya kibanda, akachana kipande kipya cha boksi, akachukua penseli sikioni. Safari hii alitaka kupima kweli. Aliniachia tepu mimi, yeye akashika penseli.

Nilizungusha tepu kiunoni kwa mdogo wangu, nikaingiza kidole kimoja kama nilivyofundishwa.

"Ishirini na tisa," nikasoma.

Baba akainama juu ya kipande na kuandika. Nilikuwa nimesimama karibu nikaona. Aliandika thelathini na moja.

Nikashuka nyonga, paja, goti, mguu, urefu, na kila nilichosoma kingine alikiandika kama nilivyosoma. Alipomaliza alinipa kipande. Nikatia mkono kwenye mfuko wa kulia wa Profesa, halafu wa kushoto, halafu wa nyuma, yeye anasema Dada unanitekenya. Yote ilikuwa mitupu. Ndipo nikainama chini ya meza na kukitupa kipande koponi.